Nyanya Aliyekuja Kudai Sima Yake

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Gredi ya Saba huko Likoni, nilifundisha safari za Wareno wiki mbili nzima na hakuna mtoto aliyeuliza swali hata moja. Walinakili tu. Nikiandika ubaoni, wao huandika daftarini. Nikifuta, wao hufungua ukurasa mwingine. Ilikuwa Februari, na darasa letu lilikuwa la mabati yasiyo na dari. Baada ya chakula cha mchana watoto hamsini na wanne walikuwa wakinitazama kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari.

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni. Nilisomea ualimu wa historia na jiografia nikitarajia kufundisha vijana wakubwa wa sekondari, lakini nafasi iliyopatikana ilikuwa ya hawa wa miaka kumi na miwili na kumi na mitatu, katika shule moja ya Shika Adabu. Kila alfajiri nilivuka daraja, nikapita kisiwani, nikavuka tena kwa feri, nikafika shuleni viatu vimejaa mchanga. Nilitakiwa niwaeleze watoto hawa dunia nzima, mabara yake, watu wake na mambo yaliyotokea tangu merikebu za Ulaya zilipoanza kuzunguka Afrika. Nami, kusema kweli, mbali zaidi nilikowahi kufika ni Nakuru, tena kwenye arusi.

Nusu ya darasa walikuwa watoto wa Waduruma, Wagiriama na Wadigo. Wengine wazazi wao walitoka bara wakafuata kazi za bandari na viwanda: huyu babake ni mlinzi, yule mamake anafua shuka katika hoteli moja ya Shelly Beach, mwingine babake anaendesha lori la kontena kutoka Kipevu. Huyu wa dereva wa lori alikuwa msichana mwembamba aliyeletwa kutoka Busia mwaka huo huo. Alikaa dawati la nyuma kabisa, karibu na dirisha. Siku yake ya kwanza nilimwomba ajitambulishe, akasema wao kwao "wanalimanga", yaani hulima. Darasa likacheka. Wala hawakucheka kwa ubaya mkubwa, lakini walicheka wote kwa pamoja, na watoto wa Pwani tangu wadogo wanajiona wenyewe ndio wenye Kiswahili. Tangu siku hiyo sikumsikia tena. Nikimwita, husimama, hutazama sakafu, hukaa.

Nilijua kwamba ilinibidi nifanye jambo. Sikulifanya. Nilijiambia atazoea.

Mtoto aliyekuja kuvunja kimya cha wiki zile mbili alikuwa mvulana mmoja mrefu mwenye mdomo mwepesi, ambaye nilimketisha mbele ili nimwone. Siku hiyo nilikuwa nimechora ramani ya Afrika ubaoni, na mshale unaoshuka upande wa magharibi, unapinda kusini, unapanda hadi kwetu. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hao Wareno humo melini walikuwa wakila nini?"

Wenzake wakaangua kicheko. Naye akageuka, akawaambia, "Si ni miezi! Mutu atakaa miezi bila kula?"

Nikafungua mdomo nijibu, nikagundua kwamba sijui. Nilikuwa nimesoma miaka minne chuoni, nimekariri majina ya manahodha na ya wafalme waliowatuma, na sikuwahi kujiuliza swali alilouliza mtoto huyu.

"Sijui," nikasema. "Nitatafuta, kesho nitakuambia."

Nadhani hawakuwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo, maana hata waliokuwa wamelala waliinua vichwa.

Nilitafuta kweli. Nikawaeleza kesho yake habari za biskuti ngumu kama tofali zilizoingia wadudu, nyama iliyokaa ndani ya chumvi mpaka ikabadilika rangi, na kiseyeye, ule ugonjwa wa kukosa matunda unaovimbisha fizi mpaka meno yanalegea. Nikawaambia nimesoma kwamba mabaharia wale walipofika pwani hii hii yetu wakala machungwa, walianza kupona. Wakafurahi mno. Mtoto mmoja akasema, "Kumbe tuliwatibu!" Mwingine akajibu, "Na wao wakaja wakatuchomea mji."

Hapo nikajua mlango nimeuona. Nikawapa kazi ya nyumbani: kila mtu aandike vyakula vyote vilivyopikwa kwao wiki nzima, tuje tutafute kila kimoja asili yake ni wapi duniani.

Ijumaa tukaanza. Nilichora ramani ya dunia kwa chaki, ubao mzima, na wao wakawa wananitajia. Mahindi: Amerika. Wakapiga makofi. Muhogo: Amerika. Maharagwe, karanga, viazi vitamu: Amerika, Amerika, Amerika. Pilipili? Amerika pia. Nanasi, papai, mapera, korosho na mabibo yake: yote yalivuka bahari, na mengi inaaminika yaliletwa na merikebu zile zile za Wareno. Wali asili yake ni Asia. Nazi nayo ilifika kwa bahari, zamani zaidi. Nyanya: Amerika. Kila mshale niliochora uliishia Mombasa, mpaka kisiwa chetu kikafunikwa na chaki kisionekane.

Yule mvulana mrefu akasimama bila ruhusa. "Kwa hivyo, mwalimu, sisi chakula chetu ni kipi?"

Kengele ikalia. Nilikuwa na darasa jingine, nikamwambia, "Hilo ni swali zuri, tutalijibu Jumatatu." Nikaondoka nikijiona hodari.

Jumatatu, kabla hata ya gwaride, mtoto alikuja kuniita ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu. Naibu wetu alikuwa mwalimu wa hisabati, mtu wa kunyoosha mambo, ambaye kila juma alituuliza tumefika ukurasa wa ngapi. Nilimkuta amesimama, jambo lisilo la kawaida yake, kwa sababu kiti chake kimekaliwa na mama mzee aliyejifunga leso mbili, mguu mmoja ameunyoosha mbele kwa maumivu ya goti. Kando yake, amejibana ukutani, alikuwa yule mvulana wangu mrefu.

"Shikamoo, nyanya," nikasema.

"Marahaba." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Ni wewe?"

"Ni mimi nani, nyanya?"

"Unayewafundisha watoto kwamba sima si yetu."

Nikamtazama mvulana. Akatazama dari.

"Mjukuu wangu tangu Ijumaa hali sima," mzee akaendelea. "Nampakulia, anasukuma sahani. Asema hicho ni chakula cha Wareno, yeye anangojea chakula chake. Nikamuuliza, na mimi niliyeipika? Akaniambia mwalimu amesema nyanya wametoka Amerika. Nyanya si wa hapa."

Naibu alikohoa akageukia dirishani. Mimi nilichelewa kuelewa. Somo letu hufundishwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza nilikuwa nimeitaja nyanya ya kupikia mchuzi, tena wazi. Ila mtundu huyu, alipolifikisha neno nyumbani kwa Kiswahili, hakusema nyanya "zimetoka", alisema "wametoka".

Nikataka kucheka. Kisha nikamwona yule mama mikono yake, jinsi alivyokunja pindo la leso, akalikunjua, akalikunja tena, nikajizuia.

"Unacheka?" akaniuliza.

"Sicheki, nyanya."

"Sikiliza, mwanangu. Mimi niliolewa nikaletwa hapa Likoni kutoka ndani kule, upande wa Kinango, nikiwa msichana. Tumejenga, tumezaa, tumezika. Siku moja akaja mtu na karatasi akatuambia ondokeni hapa, nyinyi si wa hapa. Tukasogea. Tuliposogea, akaja mwingine na karatasi yake. Maneno yalikuwa hayo hayo. Sasa nimempeleka mtoto shule asome apate kujibu watu kama hao, na mwalimu naye amwambia vivyo hivyo?"

Naibu aliniangalia kama anayesema, umejitafutia mwenyewe. Mimi nilivuta kibao kilichokuwa pembeni nikaketi chini yake kidogo, karibu na lile goti, nikamwomba radhi. Nikamweleza habari za nyanya ya mchuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mjukuu wake polepole sana.

"Kumbe ni tungule!"

"Ndiyo, nyanya," mvulana akasema kwa sauti ndogo.

"Tutaonana nyumbani." Kisha akarudi kwangu. Hakuwa amekwisha. "Haya, tungule si neno. Lakini matsere ni yetu. Wari wa matsere tumekula tangu Mungu alipotuumba." Matsere ndiyo mahindi kwa lugha yao, na wari ndiyo sima.

Ningeweza kuyaacha hapo. Naibu alitamani niyaache hapo; alikuwa ameshafungua mlango. Lakini kulikuwa na swali la mtoto ambalo sikulijibu Ijumaa, na aliyeweza kulijibu alikuwa amekaa mbele yangu.

"Nyanya," nikamuuliza, "na nyanya yako wewe, ulipokuwa mdogo, alikuwa akipika nini?"

"Wari."

"Wa matsere?"

Akafungua kinywa kujibu. Nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo hajaitwa siku nyingi.

"La," akasema. "Yule mzee hakupenda matsere. Alisema ni chakula cha watoto. Alikuwa na mtama wake, mwekundu, na mawele. Alipanda kando peke yake, na sisi ndio tuliokuwa tukifukuza ndege." Akamtazama mjukuu wake kwa mshangao. "Mtama. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa."

"Utakuja kuwaambia watoto?" nikamuuliza.

"Mimi? Darasani? Sikusoma mimi."

"Wao wamesoma, na hawajui."

Alicheka, kwa mara ya kwanza, akaomba ashikwe mkono ainuke. Alipokwisha kwenda, naibu alifunga mlango, akaniambia nichunge sana maneno ya ardhi na ya nani ni wa wapi, maana hapa Likoni maneno hayo hayaishi vizuri. Akaongeza kwamba nimebaki nyuma kurasa kumi na moja. Kisha, kama aliyekumbuka, akanipa bahasha. Babake yule msichana wa Busia alikuwa amepita Ijumaa jioni akitoka Kipevu, akaacha barua ya kuomba uhamisho. Mtoto hataki shule, aliandika, analia kila asubuhi. Muhula ukiisha ataenda kukaa kwa shangazi yake. Nilikwenda darasani na bahasha ile mfukoni. Nilipomwona amekaa pale dirishani, kichwa chini, sikuweza kumtazama sawasawa.

Nyanya alikuja Alhamisi. Alivaa leso mpya na alikuwa ameoga manukato. Watoto walisimama wote, "Shikamoo, nyanya!" na ile sauti ya watoto hamsini na wanne ilimtisha, akanishika mkono. Nikamwekea kiti mbele. Nikawaambia leo tunaongea Kiswahili, na nikasogea pembeni.

Mwanzo alizungumza kwa aibu, akinitazama mimi tu. Kisha akaanza kueleza jinsi ndege walivyokuwa wakija asubuhi kwa makundi, na wao watoto wakiwa juu ya kichaga, ule ulingo wa miti wa kulindia shamba, na kombeo na mabati ya kugonga, mpaka sauti zinawakauka, na akasahau kwamba yuko shuleni. Alinyanyuka, goti na vyote, akaonyesha namna ya kusukuma jiwe la kusagia. Akawaonyesha jinsi ya kupepeta. Watoto wakauliza: mtama una ladha gani? Mlikula na nini? Mlipigwa mkilala ndege wakala? Akajibu yote. Kiswahili chake kilichanganyika na Kiduruma kila mahali, na hakuna aliyecheka.

"Tatizo moja," akasema. "Miaka ile nimeshaolewa, nilipata mtama nikajaribu kupika kama yeye. Wari ukawa unakatikakatika, haushikani, kama mchanga. Wa yule mzee ulikuwa unashikana, laini, unavutika. Sijui alitia nini. Amekufa nalo."

Nami sikujua. Ndipo nikaona, nyuma kabisa, karibu na dirisha, mkono umeinuka hadi usawa wa sikio.

Nilimwonyesha kwa kichwa, nikiogopa hata kusema asije akaghairi.

Akasimama. "Kwetu," akasema, "wanasaganga pamoja na muhogo."

Kicheko kikaanza upande wa kulia. Kabla sijasema neno, nyanya aligonga meza yangu kwa kofi.

"Mnacheka nini? Mimi nimesema hapa saa nzima na Kiswahili changu kibovu, mmecheka? Mwacheni mtoto aseme. Haya mwanangu, sema. Muhogo vipi? Mbichi?"

"Si mbichi. Unaukata, unauanika ukauke kabisa, ukuwe mweupe. Halafu unachanganya na mtama, unasaga zote. Bila muhogo haishikani." Alikuwa ameshaacha kutazama sakafu. "Nyanya yangu ndio alinifunza. Mimi naweza kusonga."

Yule mama alikaa chini. Akajishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Makopa," akasema. "Haki ya Mungu, makopa! Alikuwa akianika makopa juu ya paa, na sisi tukipanda kuiba. Nilidhani ni ya njaa tu. Alikuwa akitia ndani ya mtama!" Akaufuta uso kwa pindo la leso. "Mtoto umetoka wapi wewe?"

"Busia."

"Busia ni wapi?"

Sikuwahi kufurahia swali la jiografia kama lile. Nikachora haraka ramani ya Kenya ubaoni, nikampa msichana chaki. Alikuja mbele, akapita kati ya madawati yote, akaweka alama mpakani na Uganda, akaandika jina kwa herufi kubwa. Kisha, bila kuambiwa, akachora mstari kutoka pale hadi Likoni.

Hapo ndipo yule mvulana mrefu, aliyekuwa ametulia tangu mwanzo kwa sababu za kinyumbani, alishindwa kujizuia. "Lakini mwalimu," akasema, "muhogo si pia uliletwa na Wareno?"

Darasa zima likageuka kuniangalia. Kisha likamwangalia nyanya. Nilitamani sakafu ipasuke. Naye alimkazia macho mjukuu wake, akanikazia mimi, na akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni kikamtikisa mabega mpaka machozi yakamtoka tena.

"Hata yule mzee!" akasema. "Hata yule mzee na jeuri yake yote!"

Hatukuweza kufundishana tena siku hiyo.

Wiki iliyofuata nilifundisha sehemu nzito. Niliwaambia kwamba merikebu zile zile zilizobeba mbegu za mahindi zilibeba pia mizinga; kwamba mji wetu ulichomwa zaidi ya mara moja; kwamba meli za namna hiyo, upande wa pili wa Afrika, zilibeba watu katika minyororo kuwapeleka kule kule mahindi yalikotoka. Tulizungumza pia juu ya meza, bendera na leso, maneno ya Wareno tunayoyatumia kila siku, na juu ya gereza, ambalo kwao lilimaanisha kanisa. Watoto walilipenda hilo la gereza kuliko yote.

"Sasa mwalimu, tuwashukuru au tuwachukie?" mmoja akauliza.

"Andika waliyoyafanya," nikamwambia. "Mahindi uandike, na moto uuandike. Usifute kimoja kwa sababu ya kingine."

Nakumbuka niliona kalamu zikienda. Sikuwa nimeandika kitu ubaoni.

Unga wa mtama na muhogo ulifika mwisho wa mwezi, umetumwa na shangazi yake msichana kwa basi la Busia. Babake mwenyewe ndiye aliyeuleta shuleni, siku ambayo lori lake lilikuwa linasubiri mzigo. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mpole wa sauti, akashika mfuko kama anayeshika mtoto mchanga. Alisimama mlangoni mwa jiko la shule akamwona binti yake amefunga leso kiunoni, amechuchumaa mbele ya sufuria, anasonga, na nyanya wa Kiduruma amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akimwambia, "Kaza mkono, kaza," na mtoto akimjibu, "Nyanya, nimekaza, ni moto ndio mdogo." Wasichana wengine watatu walikuwa wamemzunguka wakiomba zamu ya mwiko.

"Huyu ni wangu?" akaniuliza.

"Ni wako."

Alipokuwa akiondoka alipitia ofisini, na baadaye naibu alinirudishia ile bahasha. Juu yake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wake wa hisabati: Imeondolewa na mzazi.

Sitasema kwamba watoto waliipenda ile sima. Ilikuwa ya hudhurungi, nzito, na nusu ya darasa walikunja nyuso. Mmoja alisema inanuka udongo. Yule mvulana mrefu alikula kwa maringo mbele ya wenzake, akitangaza kwamba hatimaye amepata chakula chake, mpaka nyanya yake akamkumbusha kuhusu muhogo. Naibu alikuja kuonja kwa ajili ya heshima, akarudi kuongezwa. Alisema inamkumbusha kwao, na ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba naye ana kwao kwingine.

Mambo hayakuwa mepesi yote baada ya hapo. Msichana alichekwa tena mara moja moja, na mara moja nilimkuta analia chooni. Lakini sasa alikuwa na watu wa kumfuata huko. Mambo ya ardhi ya yule mama wa Kinango, na ya wale wanaokuja na karatasi zao, hayakutatuliwa na sufuria ya sima. Kesi yao bado iko, na mjukuu wake ndiye humsomea barua. Anazisoma vizuri. Mara moja aliniletea moja nimweleze neno ambalo hakulielewa, nikaliona limepigiwa mstari chini kwa rula.

Mwaka wa pili, nyanya alipendekeza tupande mtama nyuma ya madarasa. Tulipanda mistari minne. Ukakua vizuri, ukatoa masuke, na siku za likizo fupi ndege wakaumaliza wote usibaki hata punje. Nyanya aliposikia hakusikitika hata kidogo. Alituuliza, "Nani alikuwa juu ya kichaga?" Hatukuwa na kichaga. Alitutazama kama wajinga, nasi kweli tulikuwa wajinga.

Msichana wa Busia sasa yuko Gredi ya Tisa. Anataka kusomea mambo ya udongo na kilimo, na Kiswahili chake kimekuwa cha Likoni kabisa, isipokuwa akikasirika. Juzi aliingia darasani kwangu saa ya mapumziko kuniambia kwamba yeye na watoto wa Gredi ya Saba ya mwaka huu wamejenga kichaga kwa mbao za madawati yaliyovunjika. Wameshapanga zamu za kulinda, pamoja na siku za likizo. Nilimuuliza kama naibu anajua kuhusu hizo mbao.

"Yeye ndiye aliyepigilia misumari, mwalimu," akasema.

Mtama umeshapita magoti. Nimeomba wanipangie zamu ya Jumamosi.